Bendera ya Taifa Si Mali ya Serikali

Juni 2024 vijana wa Kenya walipomiminika barabarani kuupinga Mswada wa Fedha na kodi zake, hawakuvaa rangi za chama chochote. Hapakuwa na fulana za manjano wala kofia za chungwa, hapakuwa na bango lenye sura ya kinara, wala lori la vipaza sauti lililolipiwa na mwanasiasa. Walibeba simu, chupa ya maji na bendera ya taifa. Wengine waliifunga shingoni, wengine wakajitanda mabegani, wengine wakaipeperusha juu ya vijiti. Ilionekana Nairobi, Mombasa na Kisumu; ikaonekana pia Nyeri na Eldoret, miji ya maeneo yaliyompa Rais kura kwa wingi miaka miwili kabla. Katika nchi iliyozoea kuuliza kabila la aliyeitisha maandamano kabla ya kuuliza yanadai nini, bendera ile ilijibu swali mapema: waliokuwa barabarani ni Wakenya.

Hilo halikuwaokoa. Tarehe 20 Juni kijana wa kwanza aliuawa kwa risasi katikati ya jiji la Nairobi. Tarehe 25 wabunge 195 waliupitisha mswada huo, 106 wakiukataa; waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na polisi wakafyatua risasi za moto. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa na 361 waliojeruhiwa, na baadaye idadi ya waliokufa ikazidi kupanda.

Tangu siku hizo tumekuwa tukibishana juu ya nani hasa mzalendo, na katika ubishi huo bendera imevutwa huku na huku. Watawala huipandisha kwenye hafla zao, kisha huwaita wanaowapinga maadui wa nchi. Vijana nao huibeba wakiwaita watawala wasaliti. Msimamo wangu ni kwamba bendera ni ya wananchi. Serikali huitunza tu, kama mzee wa ukoo anavyotunza hati ya shamba: hati imo sandukuni mwake, lakini shamba ni la ukoo mzima, na siku akitaka kuliuza kinyemela, hata mjukuu aliye mdogo kuliko wote ana haki ya kusimama na kusema hapana. Kwa hiyo anayeibeba bendera kuandamana kwa amani haivunjii heshima. Anaitumia kwa kazi ileile iliyofanya ishonwe.

Rangi zenyewe zinashuhudia. Kila mtoto wa shule ya msingi anaweza kuzieleza: nyeusi ni watu wa Kenya, nyekundu ni damu iliyomwagika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na utajiri wake, nyeupe ni amani, na ngao pamoja na mikuki miwili ni ahadi ya kuulinda uhuru huo. Rais hana rangi yake pale. Bunge halina, polisi hawana, Hazina ya Taifa haina. Nyeusi, nyekundu na kijani zilitoka kwa KANU, chama kilichotuingiza katika uhuru. Mistari myembamba myeupe ikaongezwa bendera ya chama ilipogeuzwa kuwa bendera ya nchi. Tangu siku ya kwanza, basi, ilitakiwa iwe pana kuliko chama kinachotawala.

Tuitazame ile nyekundu kwa makini zaidi. Tukitajiwa damu ya uhuru, mawazo yetu hukimbilia msituni: Nyandarua, Mlima Kenya, na Dedan Kimathi aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957. Ni haki yao kukumbukwa. Lakini kabla ya msitu kulikuwa na barabara. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Thuku alikuwa amekamatwa baada ya kupinga kodi, kitambulisho cha kipande na kazi za kulazimishwa. Wanaume walipoanza kusitasita na kutaka kurudi nyuma, mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru aliwakemea, umati ukasonga mbele, risasi zikafyatuliwa, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ya kikoloni ilikiri vifo 21. Walioshuhudia walisema ni vingi zaidi.

Watu waliokasirishwa na kodi, wasio na silaha, wakipigwa risasi katikati ya Nairobi: miaka 102 inatenganisha siku hiyo na Juni 2024, na anayezisoma habari hizo mbili pamoja hawezi kutolitambua jambo lililo mbele yake. Mwaka 1922 bendera iliyotawala nchi hii ilikuwa ya Uingereza. Nyanjiru hakuwa na kitambaa chochote cha kuinua ili kusema kwamba nchi ni yake. Mombasa nako, Januari 1947, wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa majumbani waligoma kwa siku kadhaa wakidai mishahara inayoweza kulisha familia. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo na kuzuiliwa Kabarnet. Hawa wote walipigania haki ya kusikilizwa kabla hatujawa na Katiba yetu, Bunge letu wala mlingoti wetu. Sehemu ya ile nyekundu ni damu ya waandamanaji. Anayesema leo kwamba maandamano na bendera havipatani anaikana sehemu hiyo.

Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, Uhuru Gardens, bendera ya Waingereza ilishushwa na yetu ikapanda. Kisoi Munyao akaipandisha juu ya Mlima Kenya. Wazee waliokuwapo hawajaacha kuusimulia usiku ule. Lakini miaka iliyofuata ilikuja na jambo jingine taratibu: bendera iliyopanda kwa niaba ya watu ikaanza kugeuzwa chombo cha kuwanyamazisha.

Waliokua wakati huo wanajua jinsi lilivyofanyika. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, filimbi ilipopulizwa kwenye kituo cha polisi au kambi ya chifu, kila mpita njia alisimama tuli mpaka bendera imalize kupanda au kushuka. Kusimama huko ni heshima nzuri, nami naiunga mkono. Tatizo ni kwamba wengi walisimama kwa kumhofia askari kuliko kwa kuipenda nchi. Shuleni watoto walikariri kiapo cha utii ambamo Rais alitajwa kwanza, taifa likafuata. Mtoto aliyekariri mpangilio huo kila wiki kwa miaka minane alifunzwa kwamba nchi na mtu mmoja ni kitu kimoja, na kwamba kumpinga mtu huyo ni kuitukana bendera iliyo juu yake. Sheria nayo ikaorodhesha wakubwa wanaoruhusiwa kupeperusha bendera kwenye magari yao. Kwa mwananchi wa kawaida, bendera ikawa kitu kinachompita kwa kasi barabarani, nyuma ya ving'ora, huku amesukumwa pembeni.

Waliotuondoa hapo ni watu walioandamana. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, wananchi walielekea Kamukunji kudai vyama vingi ilhali Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano huo, walikwisha kutiwa kizuizini. Watu waliuawa, lakini Desemba 1991 Bunge likakifuta kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru Park. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya kutoa machozi, na baadhi ya akina mama wale wakavua nguo mbele ya askari walio na umri wa watoto wao. Mwaka 1997, baada ya maandamano mengine na vifo vingine, sheria ilibadilishwa: anayetaka kuitisha mkutano hakuhitaji tena leseni ya serikali, ilimtosha kutoa taarifa.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 9 kinaitaja bendera miongoni mwa alama za taifa. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi awe mtulivu na asiwe na silaha. Vifungu hivyo vitatu vimo katika kitabu kimoja na vina nguvu moja. Huwezi kukiheshimu cha 9 huku unakipiga rungu cha 37. Na inafaa irudiwe mpaka kila mkuu wa kituo cha polisi aelewe: Sheria ya Utulivu wa Umma inadai taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla ya maandamano. Taarifa hiyo inamwezesha afisa kupanga usalama wa wanaoandamana na wa wengine. Haimpi mamlaka ya kuamua nani anastahili kusikika.

Kwa nini basi bendera iliyo mikononi mwa raia inawakosesha amani watawala? Naamini ni kwa sababu inawanyang'anya majina ya kuwapachika wapinzani wao. Kwa kawaida anayeandamana huitwa mkabila, kibaraka, mtu aliyetumwa. Julai 2024 Rais alilituhumu hadharani shirika la Ford Foundation kwamba lilifadhili ghasia, nalo likakanusha. Mwaka uliofuata baadhi ya waliokamatwa walifunguliwa mashtaka ya ugaidi. Majina hayo hayashiki vizuri kwa kijana aliyejifunga rangi za nchi yake. Ili umwite adui, ni lazima kwanza uwaeleze watu kwa nini adui amevaa bendera yako.

Sisi si wa kwanza kulishuhudia jambo hili. Aprili 2016 mchungaji Evan Mawarire wa Zimbabwe alijirekodi akiwa amejizungushia bendera shingoni, akieleza rangi moja baada ya nyingine na kuuliza ahadi ya kila rangi imeishia wapi. Video hiyo ilizaa vuguvugu la nchi nzima. Julai alikamatwa, na Septemba serikali ya Robert Mugabe ikaonya kwamba atakayeitumia bendera kinyume cha sheria atafungwa. Yaani raia waliipenda bendera yao hadharani, na serikali ikaona upendo huo ni kosa la jinai. Mawarire aliondolewa mashtaka Novemba 2017, baada ya Mugabe kuanguka.

Nigeria iliumia zaidi. Oktoba 2020 vijana waliokuwa wakipinga ukatili wa kikosi cha polisi cha SARS walikusanyika kwenye kituo cha kulipia barabara cha Lekki, Lagos. Usiku wa tarehe 20 wanajeshi walifika na kufyatua risasi. Jopo la uchunguzi la Jimbo la Lagos lilisema baadaye kwamba waliopigwa risasi walikuwa raia wasio na silaha, wameketi chini, wakipeperusha bendera na kuimba wimbo wa taifa. Serikali kuu ikaikataa ripoti hiyo. Vijana wengi walikuwa wameamini kwamba askari hawezi kumfyatulia risasi mtu aliyeshika bendera ambayo askari huyo ameapa kuilinda. Imani hiyo haikuwa upumbavu. Ni imani ambayo kila nchi inayojiheshimu inapaswa kuitimiza.

Zipo hoja za upande wa pili, na ni haki zijibiwe. Ya kwanza ni uharibifu. Katika maandamano ya 2024 na ya 25 Juni 2025 maduka yalivunjwa, mali ikaporwa, na wafanyabiashara wasio na hatia, wengine wakiishi kwa mkopo, wakapoteza jasho la miaka. Siwezi kuyapuuza machozi yao. Mwizi ni mwizi hata akijifunika bendera, na Katiba haimkingi mwenye silaha wala mporaji. Lakini sheria humtafuta aliyetenda kosa. Kwa sababu mtu mmoja amevunja duka, huna ruhusa ya kumpiga risasi aliye barabara ya pili akiimba. Tena kuna wahuni ambao hawakutoka kwa waandamanaji. Tarehe 17 Juni 2025 genge la watu wenye rungu na mijeledi lilivamia waandamanaji jijini Nairobi huku polisi wakiwa papo hapo, na siku hiyohiyo mchuuzi wa barakoa, mtu aliyekuwa akitafuta riziki yake, alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu mbele ya kamera, akafariki baadaye. Wiki chache baadaye Rais alisema hadharani kwamba wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi mguuni, kisha wapelekwe hospitalini na mahakamani. Kauli ya namna hiyo ikitoka juu kabisa, askari aliye chini huisikia kama amri, na mahakama huachiwa kazi ya kuhukumu aliyekwisha adhibiwa.

Hoja ya pili ni ya heshima. Wapo wazee waungwana wanaoumia kuona bendera ikiburutwa katika moshi wa gesi, ikikanyagwa, ikichanwa kufanywa kitambaa cha kichwani. Wanakumbusha kwamba Sura ya 99 ya Sheria za Kenya inakataza kuidharau. Nawaelewa. Lakini mwanariadha wetu akishinda ughaibuni hujitanda bendera iliyoloa jasho akazunguka nayo uwanja mzima, nasi huinuka vitini kwa fahari. Hatumuulizi kama ana kibali, kwa kuwa tunajua ameibeba kwa sababu anajiona ni wetu. Kijana wa Juni 2024 aliibeba kwa sababu hiyohiyo. Heshima ya bendera iko katika nia ya aliyeishika na katika kinachotendwa chini yake. Bendera safi, iliyopigwa pasi, ikipepea juu ya kituo ambamo mshukiwa amepigwa hadi kufa, hiyo ndiyo iliyovunjiwa heshima.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu: itakuwaje mtu akiichoma? Marekani imelipitia swali hili hadi mwisho. Mwaka 1984 Gregory Lee Johnson aliichoma bendera ya nchi yake mjini Dallas, akahukumiwa kifungo. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba kitendo hicho, hata kikiwachukiza wengi, ni maoni ya kisiasa na hakiwezi kuadhibiwa. Bunge lilitunga sheria mpya kuwazuia wachomaji, na mwaka 1990 mahakama ikaitupa nayo. Jambo linalonivutia ni kwamba katika lile kundi la majaji watano alikuwemo Antonin Scalia, mhafidhina ambaye hakuficha kwamba angependa kuwaona wachomaji gerezani. Aliwachukia, na bado akakubali kwamba Katiba inawalinda.

Mimi ningeumia kuiona bendera ya Kenya ikiteketezwa, na ningemwambia aliyefanya hivyo kwamba amewakosea waliokufa kwa ajili yake. Hata hivyo singetaka afungwe. Mapenzi yanayolindwa na jela hugeuka woga, na tulikwisha kuuishi woga huo miaka ya filimbi na kiapo. Aliyefika hatua ya kuichoma bendera yake ana jambo zito moyoni. Nchi yenye busara itataka kulijua jambo hilo kwanza.

Ni nini kifanywe? Kwanza, Bunge lifafanue Sura ya 99 ili raia anayeibeba bendera katika mkusanyiko wa amani asiguswe kwa sababu ya kuibeba. Pili, mapendekezo ya kuubana uhuru huu yakataliwe, ukiwemo mswada wa 2025 uliotaka kuzuia maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge na mahakama. Wananchi wanalalamikia Bunge; wakalalamike wapi, sokoni? Tatu, askari waliofyatua risasi na makamanda waliowaamuru wafikishwe mahakamani. Agosti 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuwafidia wahanga wa maandamano. Fidia ni haki yao, ila mama aliyempoteza mwanawe anastahili pia kujua ni nani aliyevuta kifyatulio na ni nani aliyemtuma. Nne, walimu wanapofundisha maana ya rangi za bendera wasiishie kwa Kimathi. Wamtaje Nyanjiru, wawataje wagomaji wa Mombasa, wawataje akina mama wa Uhuru Park, ili mtoto ajue kwamba kudai haki ni sehemu ya uzalendo anaofunzwa.

Kwenu vijana nina neno pia. Bendera mliyoibeba inawadai. Inawadai mkae bila silaha hata mkichokozwa, mumfichue mporaji aliyejipenyeza kati yenu, na mlilinde duka la mama mboga kama mnavyolinda sauti zenu. Mwaka 2024 mliutikisa utawala kwa sababu nchi iliona kwamba hamkutaka chochote kwa ajili ya kabila wala kinara. Mkiipoteza sifa hiyo, watakaofurahi ni wale mnaowapinga. Na jiandikisheni kupiga kura, kwa sababu wabunge 195 wa siku ile hawakuanguka kutoka mbinguni. Walichaguliwa.

Agosti 2027 wagombea watatujia wakiwa wamejipamba kwa rangi hizohizo, nyeusi, nyekundu, nyeupe na kijani, na kila mmoja atadai kuipenda Kenya kuliko mwenzake. Kila mmoja aulizwe hadharani, kwenye mkutano wake mwenyewe: utapiga kura kukilinda kifungu cha 37 au kukipunguza? Utadai waliowaua waandamanaji wafikishwe mahakamani, au utatuomba tusahau ili tusonge mbele? Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili waziwazi asipewe kura, hata akija amejifunika bendera kutoka utosini hadi unyayoni.